Basi Chimbeni Ndizi

Redio ilisema tulicheka. Ilisema wananchi wa bonde la Mlunga, wilayani Kilosa, waliupokea mradi wa kuchimba urani kwa furaha na vicheko, kisha ikapiga muziki. Nilikuwa dukani kwangu Magomeni, hapa hapa Kilosa mjini, nikipima sukari, nikaimimina hadi ikamwagika juu ya mizani. Kucheka watu walicheka, hilo sikatai. Lakini hakuna aliyefurahi, na aliyewachekesha hakuwa anachekesha. Nataka nimweleze mtu huyo, maana waliotangaza habari ile hawakumjua, na wengi wetu tuliomjua tulimjua nusu.

Kwetu anaitwa Mtani. Jina la ubatizo analo, na kanisani kwake wanalijua, ila sisi Wasagara wa mjini hatukulitumia hata siku moja. Yeye Msukuma, sisi Wasagara, na tangu enzi za misafara ya babu zetu makabila haya yanataniana. Tunatukanana bila kugombana, tunanyang'anyana bila kushtakiana. Wasukuma Kilosa wamejaa, kuanzia Rudewa hadi Msowero, na kila mmoja ni mtani wetu. Lakini ukisema Mtani, bila kuongeza neno, hakuna anayeuliza yupi.

Ni mwanamke mrefu, ana mabega ya mtu aliyelima maisha yake yote, na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Miaka mingi alikaa barazani kwa duka langu akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Kwao vinawekwa kwa ajili ya njaa. Yeye aliwauzia watu wakati wa shibe.

"Kula, Msagara," alimwambia mteja, "ujue chakula cha watu wanaofanya kazi."

Mteja akinunua alitukanwa kwa kununua kidogo. Asiponunua alitukanwa na ukoo wake wote. Watu walikuja kwa makusudi ili watukanwe, na wakishatukanwa wakakumbuka nyumbani hakuna chumvi, wakaingia ndani. Siwezi kusema biashara yangu haikufaidika na mdomo ule.

Salamu, hata hivyo, hakuifanyia mchezo. Kijana aliyempita bila shikamoo aliitwa arudi, awe nani. Nilimwona akimrudisha mwalimu mzima na mkoba wake, mbele ya wanafunzi wake mwenyewe.

"Rudi ulikotoka. Anza upya."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto wazima? Mkeo je? Haya nenda, kichwa kama kinu."

Nilipomuuliza kwa nini anamtukana mtu aliyekwisha kumwamkia vizuri, alisema heshima ni kitanda na utani ni shuka. Bila kitanda, shuka utaitandika wapi? Nililiona neno la kawaida wakati ule, nikaendelea kufungasha unga.

Mwongo alikuwa, tena mwongo wa kutupwa, ila katika mambo madogo. Alidai aliwahi kumfukuza simba wa Mikumi kwa ungo. Mwezi uliofuata simba alikuwa chui, na ungo umekuwa mwiko. Ukimkumbusha alikasirika, akasema walikuwa wanyama wawili tofauti na wewe ulikuwa hujazaliwa. Na mchoyo! Mtu akiomba kipande kimoja cha kuonja, alimwambia aonje kwa macho. Lakini wagonjwa wa mtaani kwetu walikuwa wakikuta kikapu cha viazi mlangoni, na ukimshukuru alikuuliza kama una homa.

Ukitaka kumjua vizuri ilikupasa kufiwa.

Baba yangu alipokufa alikuja na watani wenzake kabla hata maturubai hayajafungwa. Alivaa koti la marehemu, akachukua mkongojo wake, akaanza kuzunguka uani akikohoa kile kikohozi cha baba, kile kile, akigombeza watu kwamba chai haina sukari. Mama yangu alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu msiba uanze. Aliinua uso, akamwona mumewe akitembea katika mwili wa Msukuma, na kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Ndipo akakubali uji.

Makaburini Mtani alifanya zaidi. Kaburi lilikuwa tayari, wanaume wamesimama na jeneza, yeye akateremka shimoni akajinyoosha chali, mikono kifuani.

"Shimo zuri hili," akasema. "Lina ubaridi. Nimehamia. Huyo mzee wenu mtafutieni kwingine."

Wajomba zangu wakatoa sarafu. Akaing'ata, akasema ni bandia. Wakaleta jogoo. Akamkagua, akasema amekonda kama waliomfuga, kisha akapanda juu na jogoo wake kwapani, akajifuta udongo, na pale pale akawa wa kwanza kushika jembe kumfukia baba yangu. Huo ndio utaratibu. Mtani anazuia kaburi, anakombolewa, anatoka. Akipewa chake hutoka. Sijapata kusikia, kwa Wasagara wala kwa mtu mwingine, mtani aliyepewa akakataa kutoka.

Sasa niseme habari za Mlunga.

Mlunga ni kilima kilicho upande wa kwenda Mikumi, na chini yake kuna kijito chenye jina hilohilo kinachoshuka hadi mto Miyombo. Pembezoni mwa kijito ndiko kuna mashamba yetu ya mpunga. La mama yangu lipo pale, ndilo lililotulea mimi na ndugu zangu, na ndilo linalowalisha wanangu hadi leo. Juu kidogo ya shamba letu ndiko Mtani alikolima viazi vyake. Juu zaidi, kiangazi, wafugaji Wamang'ati hunyweshea mifugo. Maji ni hayo hayo kwa wote. Hakuna bomba wala kisima kule.

Na Mtani aliwachukia ng'ombe. Msukuma kuchukia ng'ombe! Aliwachukia hasa wa jirani yake mmoja, mzee wa Kimang'ati, ambao kila mwaka waliingia kwenye matuta yake. Wawili wale waligombana kwa miaka, yeye na fimbo, mzee na mkuki wake, kila mmoja akimwita mwenzake mhamiaji. Aliapa mbele yangu kwamba siku mzee yule akifa ataenda kulima viazi juu ya kaburi lake. Hapo hakukuwa na utani, kwa maana Mmang'ati si mtani wake. Ilikuwa chuki ya kweli, na aliitunza vizuri.

Kampuni ilifika kimyakimya. Walikuja vijana wenye kofia ngumu, wakatoboa kilima kwa mashine, wakafunga udongo kwenye mifuko na kuondoka nao. Matobo mengine waliyaziba kwa jiwe, mengine hawakuyaziba kabisa. Mwana-mbuzi aliteleza akaingia katika mojawapo. Mvua iliponyesha, maji yalitoka pembeni mwa tobo yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, yakaingia kijitoni. Tukauliza. Tukaambiwa ni kawaida. Tukauliza wanatafuta nini, wakasema wanafanya utafiti. Utafiti wa nini? Wa kawaida. Sijui kama kuna neno linalonichoma roho kama hilo. Mtu anatoboa ardhi ya mama yako, unamuuliza, anakujibu kama unayemsumbua wakati wa kula.

Neno urani tulilisikia kwa dereva wao aliyekuja kununua sigara kwangu. Alidhani tunajua.

Ndipo ukaitishwa mkutano wa hadhara, kwenye uwanja wa shule, wa kusikiliza maoni ya wananchi. Wazee wa bonde wakakaa kupanga nani atasema. Hapo lilifanyika kosa ambalo lingeweza kufanywa na sisi tu. Walikuwa wamesikia kwamba mkubwa wa msafara wa kampuni ni Mzaramo. Mzaramo na Msukuma ni watani. Wakafikiri wamepata ufunguo: wakimweka Mtani kuwa msemaji, atasema kila kitu kilicho moyoni mwetu, na yule mkubwa hataweza kukasirika wala kumtia mtu ndani, maana mtani hakasirikiwi. Walipeana mikono kwa werevu wao. Hawakufikiria upande wa pili wa sheria ileile, kwamba mtani hakasirikiwi kwa sababu maneno yake hayatiliwi maanani.

Mtani alikubali. Asubuhi ya mkutano alipita dukani bila kikapu cha michembe, amevaa kitenge cha kanisani. Nilimwamkia, akaitikia, nikangoja tusi langu. Halikuja.

Alianza mtaalamu wao, kijana msafi mwenye kipaza sauti. Alisema tusiogope mionzi. Mionzi iko kila mahali, alisema, hata kwenye ndizi tunazokula kuna mionzi, na hakuna aliyekufa kwa ndizi. Alitabasamu akangoja tufurahi.

Mtani akasimama.

"Basi chimbeni ndizi," akasema.

Uwanja mzima ulipasuka. Watu walianguka juu ya mabega ya wenzao. Hata mkubwa wa msafara alitoa leso akajifuta macho, akapaza sauti, "Msukuma huyo! Mtumwa wangu huyo!" na watu wakazidi kucheka.

Mtani hakucheka. Alingoja, kisha akaendelea, na nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa kuwa redio haikuyataka.

"Mimi nauliza. Mtayaosha hayo mawe yenu kwa maji. Hayo maji mtayamwaga wapi?"

Wakacheka.

"Vumbi likipaa, litatua kwa nani?"

Wakacheka, na mama mmoja mbele yangu akasema, "Huyu bibi ataniua mbavu."

"Mtachimba, mtajaza magari, mtaondoka. Shimo mtaliacha kwa nani? Nalima pale. Nakunywa pale. Wajukuu zangu wanaoga pale. Nijibuni."

Kadiri alivyosema kweli ndivyo walivyocheka. Walikuwa wamezoea. Kwa miaka yote hiyo sauti ile ikipanda walijua kuna kicheko kinakuja, kwa hiyo wakakitoa mapema. Nilipiga kelele kutoka nyuma kwamba hatanii, jamani, msikilizeni. Aliye karibu nami akanipiga kofi la begani na kusema, "Na wewe umo!" Watu wazima wale, wenye mashamba pale pale.

Mkubwa wa msafara alishika kipaza sauti, bado anatabasamu. Alisema anashukuru kwa uchangamfu wetu. Akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Watu walikuwa bado wanajifuta machozi, wengine wanamwigiza Mtani, "chimbeni ndizi, chimbeni ndizi," na wengine wakapiga makofi. Akasema asanteni sana. Kisha ikaja ile habari ya redio.

Mtani alikuja dukani baada ya kuisikia. Nilidhani ataitukana kampuni. Hakuitaja. Alikaa barazani, akatazama barabara.

"Wale ni wageni," akasema. "Wale sina neno nao. Lakini ninyi nimewazikia baba zenu."

Nilimletea chai, akainywa, na akaniambia imepoa ingawa ilikuwa inatoa moshi.

Hazikupita siku nyingi katapila likapandishwa Mlunga kufungua barabara na kuchimba mitaro ya majaribio. Habari zilinifikia asubuhi, nikafunga duka nikapanda bodaboda. Nilipofika nilikuta mtaro wa kwanza umeshachimbwa, katapila linanguruma, na ndani ya mtaro, chali, mikono kifuani, amelala Mtani.

Dereva wa katapila alikuwa Mzaramo naye. Alipochungulia akamwona bikizee shimoni, na watu wakamwambia ni Msukuma, alielewa mara moja, akacheka kwa furaha ya mtu aliye mbali na kwao anapokutana na jambo la kwao. Akazima mashine, akashuka, akavua kofia.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Umenipatia. Haya, chukua chako utoke, nina kazi." Akatoa sarafu.

"Sitaki."

"Ahaa, unataka noti." Akatoa noti.

"Sitaki noti."

"Sasa wataka nini, Msukuma? Kuku nitamtoa wapi porini huku?"

"Sitaki kuku. Weka pesa yako mfukoni, mwanangu. Mimi leo si mtani wako."

Wanawake waliokuwa wamesimama pale wakasogea ukingoni, wale wale waliocheka uwanjani. Niliona nyuso zikibadilika moja baada ya nyingine. Maswali ya maji hayakuwaingia, ya vumbi hayakuwaingia, ya wajukuu hayakuwaingia. Lakini mtani kukataa kukombolewa, hilo kila mtu alilielewa, maana hakuna aliyepata kuliona. Hasira ilinipanda na haijashuka hadi leo. Ilibidi bikizee alale udongoni ndipo watu wajue kwamba anasema kweli!

Dereva alirudisha noti mfukoni polepole. Alisema amezika wazazi wake wote wawili mbele ya watani na hajapata kuona kitu kama hiki. Akapanda katapila lake, akaligeuza, akateremka nalo kilimani. Nasikia alifukuzwa kazi. Popote alipo, Mungu amjalie.

Wakaja walinzi wa kampuni. Hao hawakuwa watani wa mtu yeyote. Hawakusema shikamoo. Walimshika mikono na miguu wakamtoa shimoni kama gunia, naye hakupigana, alijilegeza tu, na mmoja akamwachia kabla mwenzake hajawa tayari. Alianguka kwa nyonga kwenye ukingo wa mtaro. Nilisikia mlio wake. Nilikuwa karibu kiasi hicho, na wanaume wawili wenye virungu walikuwa kati yetu.

Wa kwanza kufika pale alipoanguka alikuwa yule mzee wa Kimang'ati. Sikujua alitokea wapi. Alipiga mluzi, na ng'ombe wakaanza kushuka kutoka juu, wake na wa wenzake, wakajaa barabarani, wakajaa mtaroni, wakawazunguka walinzi na gari lao hadi honi ikawa haina maana. Mzee alichomeka mkuki wake ardhini kando ya Mtani, akasimama.

"Ng'ombe zako zimenikanyagia viazi," Mtani akamwambia kutoka chini, meno yameumana kwa maumivu.

"Nitalipa," akasema mzee. Alipata kusema hivyo mara nyingi kabla, na hakuwahi kulipa.

Baada ya hapo hakuna siku kilima kilipobaki bila watu. Wakulima walikaa mchana, wafugaji walichungia palepale. Kazi ikasimama. Tukaambiwa imesimama kwa muda. Kampuni ikabadili jina, na mkubwa yule wa leso akahamishwa, na watu wengi wakasema tumeshinda, wakarudi kwenye mpunga wao.

Mtani hakusema tumeshinda. Alikuwa amelala. Nyonga ilimpeleka hospitali, na yeye mwoga wa sindano kuliko mtoto, yeye wa simba na ungo, alipiga mayowe wodi nzima ikajua. Alirudi nyumbani hawezi kutembea bila kushikwa. Baraza langu likabaki tupu. Wateja walikuja wakaulizia, wakanunua chumvi bila kutukanwa, wakaondoka wamenuna.

Hapo ndipo kampuni, kwa jina lake jipya, ilipofanya jambo ambalo mimi naliona baya kuliko lile la virungu. Waliajiri kijana wa kwetu, Msagara, mzaliwa wa Magomeni, wakampa kazi ya kuzungumza na wananchi. Kijana mchangamfu, kiatu kinang'aa. Wakamfundisha, au alijua mwenyewe, njia ya kupita. Alikwenda kwa Mtani na sukari na mchele, akaingia akimtukana kwa sauti, "Wee Msukuma, bado hujafa tu, tukulie ubwabwa?" Alimtania vizuri, nasikia, alikuwa na kipaji. Alimwambia mradi unarudi kwa utaratibu mzuri zaidi, na yeye kama mtani wake anamwomba tu asimharibie kazi.

Wameununua utani. Walipoona unawazuia barabarani, wakautafutia mshahara. Nikimwona kijana yule akipita mbele ya duka langu natamani kumrushia jiwe la mizani.

Nilimuuliza Mtani alimjibu nini. Nilikuwa nimekwenda kumtazama asubuhi ya Alhamisi moja, siku ya mkutano mpya. Anakaa kwa binti yake, chumba cha uani. Alikuwa amekonda, mabega yamebaki mifupa, lakini macho ni yale yale. Nilimwamkia, akaitikia, akaniulizia watoto, mama, na duka.

"Nilimwambia achukue mchele wake," akasema. "Nikamwambia, kuanzia leo mimi na wewe hatutaniani. Ukifa sitakuja. Nikifa usije."

"Akasemaje?"

"Alicheka. Alidhani ni utani."

Nje gari la matangazo lilikuwa linapita, likiwakumbusha wananchi wote kufika uwanja wa shule kutoa maoni yao juu ya maendeleo. Alilisikiliza hadi likapita.

"Utakwenda wewe," akasema.

"Nitakwenda, ndiyo."

"Sisemi kwenda. Utasema wewe."

Nilimwambia mimi si msemaji. Nauza sukari, sijapata kushika kipaza sauti, na wapo wazee. Nilimwambia sauti yangu haifiki hata ng'ambo ya barabara.

"Wazee watachagua mtu mwenye maneno," akasema. "Watamtafuta mcheshi tena, hawajifunzi. Wewe nimekaa kwako miaka yote hiyo, sijakusikia hata siku moja ukisema jambo la kuchekesha. Ukijaribu, watu wanakuonea huruma. Huna mzaha hata wa kuazima, Msagara. Mungu alikuumba hivyo. Nenda ukakutumie huko kukosa mzaha."

Sikujua nicheke au nikasirike. Binti yake alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha uji, haingii.

"Simama pale," Mtani akasema. "Sema nikusikie."

Nikasimama miguuni pa kitanda.

"Hatutaki mgodi."

"Unawaomba. Tena."

"Hatutaki mgodi Mlunga."

"Sasa unawaogopa. Tena."

Nilifungua mdomo niseme maneno yaleyale, na hayakutoka hayo. Yalitoka mengine. Nilisema kijito kile kinatunywesha watu na ng'ombe na hakuna kingine. Nilisema nimeuliza maji machafu yatakwenda wapi na nimejibiwa ndizi. Nilisema mama yangu ameinamia shamba lile hadi mgongo umekataa kunyooka, na mtu asiyejua jina lake anataka kulitoboa na kusema ni kawaida. Nilisema mmemwangusha mwanamke aliyemzika baba yangu, mmemvunja nyonga, na hamkumwamkia. Nilisema tulipouliza mkasema tumecheka, na leo sitacheka, na atakayecheka nitamtaja kwa jina lake na la shamba lake. Sauti ilikuwa imepanda, majirani walitoka nje. Machozi yalinitoka kwa hasira, na mikono nilikuwa nimeikunja mbele ya mgonjwa kama ninayetaka kumpiga.

Niliponyamaza nilimtazama usoni. Huyu ni mtu aliyecheka shimoni kwa baba yangu, aliyecheka wodini baada ya sindano, aliyekuwa akicheka hata kanisani mchungaji akikosea mstari. Nilitafuta kicheko, walau pembeni mwa mdomo. Hakikuwapo.

"Hivyo hivyo," akasema. "Nenda."